Moto wa Mei, Moto wa Oktoba

Mtawala wa Kinyamwezi aliitwa mtemi, na kwa kawaida neno hili huelezwa kuwa limetokana na kutema. Wapo wanaosema ni kutema mashauri, yaani kuyakata. Wengine wanasema ni kutema pori: mtemi wa kwanza wa kila mahali ni yule aliyetangulia na shoka, akafyeka, akachoma, akapanda, na waliokuja baada yake wakamkuta. Sitaamua ugomvi huo hapa. Natosheka na ukweli kwamba maelezo ya pili yamewaingia watu akilini kwa urahisi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba katika nchi hii kutawala watu na kutawala majani vilionekana kuwa kazi moja.

Nalileta neno hilo kwa sababu ya ndege. Tumezoea kuambiwa kwamba ndege wa misitu ya Tabora ni urithi wa asili, na kwamba kuwalinda ni kuliacha pori lijikalie lenyewe. Ukiifuatilia historia ya pori lenyewe, habari inageuka. Kwa zaidi ya miaka mia moja na arobaini ambayo ndege hawa wameandikwa katika vitabu, hakuna wakati hata mmoja ambapo pori lao liliachwa lijikalie. Kilichobadilika ni nani anayeshika kiberiti, na katika mwezi gani.

Tuanzie Ntalikwa. Ni kata ya Manispaa ya Tabora, lakini msomaji asidanganywe na neno manispaa. Kama kata nyingine za pembezoni mwa mji huo, hii ni nchi ya wakulima, na nyuma ya mashamba yao ni miombo. Mvua hukatika Aprili au Mei. Nyasi zinakauka kuanzia Juni, na ikifika Agosti msitu mzima una rangi ya vumbi. Kisha, Septemba, kabla tone la mvua halijadondoka, miti inachipua. Majani mapya ya miombo hutoka mekundu, ya hudhurungi, ya rangi ya shaba, na ndipo yanapogeuka kijani. Viwavi wanazaliwa juu ya majani hayo, na ndege wengi wa miombo huatamia wakati huohuo, kati ya Septemba na Novemba, ili makinda yapate chakula. Kalenda hii ndiyo kiini cha mambo yote yanayofuata. Moto ukipita Mei au Juni, nyasi bado zina unyevu, unaungua ukirukaruka, unaacha viraka na kuzimika wenyewe usiku kwa umande. Ukipita mwishoni mwa Septemba au Oktoba, unakuta nyasi ndefu zilizokauka, upepo na joto, na juu yake viota vyenye mayai.

Ardhi hii ilikuwa sehemu ya Unyanyembe, kitovu cha njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ambako leo ni Tabora, Novemba 1857, walikuta nchi yenye vijiji, mashamba na ng'ombe. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, aliifananisha Unyamwezi na bustani. Na isingekuwa bustani, biashara yenyewe isingewezekana. Msafara wa mamia ya wapagazi ulihitaji kula kila siku, na chakula hicho kilinunuliwa njiani. Kwa hiyo kando ya njia kulikuwa na mashamba, nyuma yake mashamba yaliyopumzishwa yakirudia uchanga wa msitu, nyuma yake malisho, na mbali zaidi miombo mikubwa ambako watu walitundika mizinga ya magome, kuwinda na kukata kamba. Mpangilio huo ulikuwa na umri wa kila aina: kichaka cha miaka mitatu, msitu wa miaka thelathini, na miti ambayo babu hakumbuki ikiwa midogo.

Hapo ndipo alipofika Richard Böhm. Alikuwa Mjerumani, mtaalamu wa wanyama, aliyekuja mwaka 1880 na wenzake waliotumwa na chama cha Kijerumani cha uchunguzi wa Afrika kufungua kituo huko Kakoma, kusini-magharibi mwa Tabora. Alikusanya ndege, akawachora, akaandika tabia zao, akapeleka ngozi zao Berlin. Alifariki Machi 1884 kusini mwa Kongo, akiwa bado kijana. Leo ndege watatu wanabeba jina lake katika sayansi: mla-nyuki mmoja, mbayuwayu mmoja wa mkia mfupi, na shore mmoja anayekamata wadudu kwenye miombo. Mti nao umepewa jina lake, Brachystegia boehmii. Huo ndio muyombo wa Wanyamwezi, mti wa kamba na mizinga, na kutoka katika jina hilo, ambalo Wanyamwezi na jirani zao wanalo kwa namna mbalimbali, wataalamu wa dunia wamepata neno miombo, wanalolitumia kwa misitu inayoanzia Angola hadi Msumbiji. Jina la Mjerumani limekaa kwenye mti mmoja. Jina la Wanyamwezi limechukua msitu mzima.

Angalia sasa mahitaji ya ndege hao wenye jina la Böhm. Mla-nyuki wake hupenda vichaka vya kando ya mito, lakini huchimba shimo la kiota kwenye ardhi tambarare iliyo wazi. Anahitaji kichaka na uwanja kwa pamoja. Mbayuwayu wake hutaga ndani ya mibuyu yenye uwazi, na pia kwenye visima na mashimo yaliyoachwa. Mumbi, yule ndege mweusi mkubwa atembeaye chini kama mzee anayekagua shamba, anatafuta chakula mahali ambapo nyasi ni fupi au zimeungua, lakini kiota chake kinahitaji mti mkubwa, mzee, wenye tundu. Hawa ni ndege wa nchi yenye viraka. Orodha ya Böhm, inayosomwa leo kana kwamba ni picha ya pori lisiloguswa, iliandikwa katika nchi iliyokuwa ikifyekwa, ikichomwa, ikilimwa na kupumzishwa kwa vizazi vingi.

Kisha bustani ikafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikamaliza ng'ombe. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alishindwa na Wajerumani katika ngome yake ya Ipuli, akafa humo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia ya misafara ikakosa wateja wa mtama na viazi. Vita vya kwanza vya dunia vikaja na kukamata watu kwa kubeba mizigo. Tabora yenyewe ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Kila pigo liliacha mashamba mengine bila mtu. Shamba lisilo na mtu huwa kichaka, na kichaka kisicho na ng'ombe wala shoka huwa makao ya wanyama wa porini na ya ndorobo, yule nzi ambaye wengine humwita mbung'o. Mwaka 1922 malale ilitambuliwa Maswa, na katika miaka iliyofuata ikaenea magharibi mwa Tanganyika. Waandishi wawili, John Ford katika kitabu chake cha mwaka 1971 na Helge Kjekshus katika cha 1977, walieleza jambo ambalo wazee wa Unyamwezi wangeweza kuwaeleza bure: watu walikuwa wameishinda ndorobo kwa kukaa, kulima na kuchoma, na walipovunjwa, pori likawashinda.

Mtu aliyepewa kazi ya kupigana na pori hilo alikuwa, cha ajabu, mpenda ndege. Charles Swynnerton alikuwa ameishi Rhodesia ya Kusini, akiandika juu ya ndege wa milimani, akifanya majaribio ya kujua ndege wanakula vipepeo gani na kuwakataa wapi. Kuna ndege wa msituni mwenye jina lake ambaye anapatikana pia katika milima ya Usambara na Udzungwa. Mwaka 1919 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama ya Tanganyika, na mwaka 1929 mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga. Hata mbung'o mmoja ana jina lake.

Mbinu zake hakuzitoa London. Mwaka 1921 alichapisha uchunguzi aliofanya Msumbiji, katika nchi iliyowahi kutawaliwa na Mzila, mfalme wa Wanguni wa Gaza. Wazee walimsimulia jinsi Mzila alivyowakusanya watu wakae pamoja katika nchi yenye mbung'o, wakafyeka na kuchoma, mpaka ng'ombe wakaweza kuishi. Mwaka 1889 mwanawe Ngungunyane alihamia kusini na watu wengi, na pori likarudi na nzi wake. Swynnerton aliyachukua maneno hayo kwa uzito, tofauti na wenzake wengi, na akayageuza kuwa sera ya serikali.

Huko Usukuma maelfu ya watu walitoka na mashoka kwa amri za watemi wao na kufyeka maili kwa maili. Mahali pengine nyasi zilizuiwa kuungua mpaka mwisho wa kiangazi, ili moto ukija uwe mkali wa kuua vichaka. Kwingine ikafanywa kinyume kabisa: moto ulizuiwa miaka mingi ili kichaka kifungane, kwa kuwa baadhi ya mbung'o hawapendi giza zito. Swynnerton alifariki kwa ajali ya ndege Juni 1938, pamoja na mtaalamu wake wa mimea, Bernard Burtt. Kazi ikaendelea bila yao, na baadaye ikaongezewa bunduki: wanyama wa porini kwa maelfu walipigwa risasi ili nzi wakose damu.

Nani alihesabu ndege katika kazi hiyo? Swali hilo halikuwa mezani. Palipofyekwa pote, ndege wa matundu walikosa matundu. Palipochomwa Oktoba, ndege wa chini walipoteza viota. Palipozuiwa moto, ndege wa uwanja walifungiwa mlango na wale wa vichaka wakafunguliwa. Nchi ilikuwa ikigeuzwa kwa ajili ya ndege fulani na dhidi ya wengine, na aliyeshika kiberiti alikuwa anamtazama nzi.

Matokeo makubwa zaidi, hata hivyo, yalitokana na kuhamisha watu. Serikali ya Waingereza iliwatoa wakazi wa maeneo yenye malale na kuwakusanya katika makazi makubwa, na nyuma yao sehemu kubwa za magharibi ya Tabora zikabaki tupu. Nchi tupu ni rahisi kuichora kwenye ramani kama hifadhi. Misitu ya serikali ikatangazwa, kisha mapori ya akiba, Ugalla ikiwa mojawapo mwaka 1965. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo ikawavuta pamoja watu waliobaki wametawanyika. Kijana anayefika leo ndani ya hifadhi na kukuta mti wa mwembe au kigae cha chungu anadhani mtu alipita tu. Huenda watu waliishi hapo.

Wakati hayo yakitokea, kulikuwa na jaribio moja ambalo lingeweza kutufundisha mapema. Mwaka 1933 maofisa wa misitu huko Ndola, Zambia ya leo, waligawa msitu wa miombo katika viwanja. Kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, kimoja kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, na kimoja hakikuguswa na moto kabisa. Colin Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959. Palipochomwa kwa kuchelewa, miombo ilikufa na kuacha nyasi na miti michache isiyojali moto. Palipozuiwa moto, msitu ulifungamana, ukaanza kuwa kitu kingine. Palipochomwa mapema, miombo ilibaki miombo. Mvua ileile na udongo uleule; tofauti ilikuwa tarehe.

Hayo hayahusu Afrika peke yake. Katika jimbo la Michigan, Marekani, yuko ndege mdogo mwenye kifua cha njano, aliyepewa jina la Jared Kirtland, ambaye hutaga chini ya misonobari michanga tu. Misonobari hiyo huzaliwa upya kwa moto. Wamarekani walipofanikiwa kuzima mioto yao, ndege huyo akakaribia kwisha: mwaka 1974, na tena mwaka 1987, waliweza kuhesabu madume 167 tu wanaoimba. Mei 1980 moto uliowashwa na wahifadhi wenyewe uliwaponyoka, ukala msitu mkubwa na nyumba. Miaka michache baadaye misonobari iliyoota kwenye majivu yake ikawa makao bora ya ndege huyo. Baada ya miongo ya kukata, kupanda na kuchoma kwa mpango, aliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2019. Waliompenda kwa kuzima moto ndio waliokuwa wanammaliza.

Sasa turudi Tabora, tumsikilize ndege mmoja ambaye historia yake haiwezi kutenganishwa na yetu. Kiongozi-asali ni wa rangi ya vumbi, huwezi kumgeukia barabarani. Lakini akimwona mtu porini hulia kwa namna ya pekee, huruka mti hadi mti akisubiri, mpaka amfikishe kwenye nyuki. Mtu hutoa moshi na kuchukua asali, ndege hubaki na nta. Mwaka 1989 Hussein Isack, mtaalamu wa ndege kutoka Kenya, na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walionyesha kwamba Waborana waliotafuta nyuki bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kiota, na wakiongozwa na ndege saa 3.2. Mwaka 2016 utafiti wa Niassa, Msumbiji, ulionyesha kuwa mlio maalumu ambao Wayao hurithi kwa baba zao uliongeza uwezekano wa kufika kwenye nyuki kutoka asilimia 17 hadi 54. Ndege na watu wana lugha. Na wachunguzi wameona kwa muda mrefu kwamba mahali watu walipoacha kufuata, ndege naye huacha kuita.

Mrina asali wa Tabora ni mtu wa moto pia. Mzinga wake uko mtini, na moto wa Oktoba ukifika hapo, umeteketeza mtaji wake, tena pamoja na maua ambayo nyuki wangekula. Kwa hiyo ana sababu zake za kuchoma nyasi mapema kuzunguka mizinga, zikiwa bado nusu mbichi. Hachomi kwa ajili ya mumbi. Lakini mumbi anafaidika.

Ugalla, ilipokuwa pori la akiba, ilijulikana kwa kuwapa warina asali na wavuvi vibali vya kuingia kwa msimu. Mwaka 2019 ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na sheria ya hifadhi za taifa haina nafasi kwa mrina asali. Hoja za kulinda eneo hilo ni za kweli: ujangili ni wa kweli, ng'ombe wengi mno ni wa kweli, na moto wa kambi uliosahaulika umechoma misitu mingi. Lakini anapotoka mtu aliyekuwa akichoma Juni, Juni haibaki na mchomaji isipokuwa askari wa hifadhi, walio wachache katika nchi kubwa. Nyasi wasizozifikia zinangoja. Haziwezi kukosa mtu wa kuziwasha Oktoba, na mara nyingi ni mtu asiye na mzinga wa kulinda.

Nje ya hifadhi hali ni ngumu kwa namna nyingine. Tumbaku ya kukausha kwa joto la kuni imeingia Tabora tangu baada ya mpango wa karanga wa Urambo kuanguka, na mabani yake hula miombo ileile. Mti mkubwa wenye tundu ndio wa kwanza kukatwa, na tundu halipandwi. Mche wa leo utampa mumbi nyumba baada ya vizazi vyetu.

Shinyanga, mahali palepale watu walipofundishwa kufyeka mpaka upeo wa macho, inatupa jibu la sehemu. Baada ya miongo mitano ardhi ilikuwa imechakaa, na mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yasiguswe wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Familia na vijiji vilifunga viraka vyao, vikaweka sheria zao na walinzi wao. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa miti, na waliokwenda kuhesabu ndege katika ngitili walikuta zaidi ya aina 100. Hakuna aliyehamishwa. Moto haukufutwa, ulipewa wenyewe.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kuwa na misitu yao na kusimamia ya serikali kwa ubia. Nafasi ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kidogo cha kuandikwa kwenye mkataba: nani achome, wapi, na kabla ya tarehe gani, na kiraka kipi kipumzike mwaka huu. Mkataba usemao "moto marufuku" ni rahisi kuuandika, lakini Ndola ilishaonyesha marufuku hiyo, hata ikifaulu, inazaa msitu wa namna gani. Na isipofaulu, inazaa moto wa Oktoba.

Kwa hiyo kijana wa Ntalikwa anayejifunza uhifadhi chuoni ana mambo mawili ya kuuliza nyumbani kabla ya kuuliza maktaba. La kwanza: zamani huku mlikuwa mkichoma mwezi gani? La pili: nani alikuwa akitoa ruhusa? Majibu yake yataingia kwenye mpango wa usimamizi wa msitu moja kwa moja, bila kusubiri mfadhili, na yanaweza kuanza kutumika Mei ijayo.